Posa ya Fungu Elfu Mbili

Kishikwambi kilitoka Maskati kikiwa na masharti. Shangazi alikitia katika boksi la halua, akakizungushia doti ya kanga, akampa kijana wa mtaa wa pili aliyekuwa akirudi Tanga kwa likizo, na juu ya boksi akaandika kwa wino mzito: CHA NYUMBA NZIMA. Alikuwa amechoka, alisema simuni, na zile sauti tunazomrekodia na kumrushia. Dakika nzima mtu anakohoa, anaita mtoto, anauliza chumvi iko wapi, na habari yenyewe inakuja mwishoni kabisa, mgonjwa keshapona. Yeye alitaka barua. "Nataka kitu nikisome, nikirudie usiku nikiwa peke yangu," alisema. "Sauti hairudiwi. Sauti inasikilizwa basi."

Cha nyumba nzima! Ndani ya nyumba ya Ngamiani yenye wakubwa watatu, kila mmoja na kauli yake ya mwisho, maneno hayo hayaleti amani.

Chombo chenyewe hakikuwa kigeni. Vishikwambi tulivizoea tangu sensa ya 2022, makarani walipopita navyo nyumba kwa nyumba. Aliyetuhesabu sisi alikaa barazani, akakaribishwa kahawa, na Bibi akamuuliza kama kile kibao chake kinajua kuandika. Karani akajibu kwamba kinajua kubonyezwa. Bibi akasema, basi bado. Hiki cha Shangazi kilikuja na kalamu ubavuni, na Bibi alipoiona ile kalamu aliona kwamba hatimaye wamemsikia.

Pengine tungeishia kumwandikia Shangazi salamu, mambo yakapita. Lakini majuma hayohayo mdogo wangu wa mwisho alitangaza kwamba amepata mchumba Pangani, na nyumba ikawa na barua ya posa ya kuandika. Barua ya posa, kwa asiyejua, haiandikwi na mwoaji. Huandikwa na wazee, huvikwa bahasha, bahasha huvikwa kitambaa, huambatanishwa na kishika uchumba, na mshenga huipeleka kwa mguu wa heshima. Neno moja likikaa vibaya, upande wa pili wana haki ya kuirudisha na kukaa kimya mpaka mtoe faini. Mjomba ndiye aliyetoa wazo kwamba safari hii barua itungwe kwenye kishikwambi. Wazo likakubaliwa haraka mno, kwa sababu kila mmoja aliamini kwamba yeye ndiye atakayeandika.

Mama alitangulia, kwa haki ya taaluma. Alisoma Chuo cha Uhazili Tabora, akawa katibu mahsusi miaka yake yote ya kazi katika ofisi za mkonge, na hadi leo akisikia tangazo la ajira linalodai hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika moja, hujinyoosha mgongo. Aliketi mezani, akakiegemeza kishikwambi kwenye kopo la sukari, akaweka vidole vyote kumi juu ya kioo kama alivyofundishwa, vikae vikisubiri amri. Kioo hakina adabu hiyo. Kwenye taipureta unapumzisha vidole juu ya vitufe, na havisemi kitu mpaka uvigonge. Vitufe vyenyewe vinakuambia uko wapi hata ukifumba macho. Kioo kikiguswa tu kimeshaandika. Kabla Mama hajatunga neno la kwanza, ukurasa ulikuwa na safu mbili za herufi zisizomaanisha kitu.

"Kina haraka," alisema. Akainua vidole, akaanza kudonoa kwa viwili, na hapo ndipo nilipomwona ameaibika kidogo.

Ana ugomvi wa zamani na ule mpangilio wa herufi. Ulitoka kwa Mmarekani mmoja wa Milwaukee, Christopher Latham Sholes, aliyepata hataza ya mashine yake ya kuandikia mwaka 1868. Kampuni ya Remington ikaiingiza sokoni 1874, na tangu hapo umebaki karibu vilevile. Sholes hakuwa na Kiswahili akilini. Herufi A, ambayo sisi hatuwezi kutoa salamu bila kuigusa mara kadhaa, aliitia chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kisichoweza hata kubeba ndoo. Q na X, ambazo Kiswahili hakizihitaji kabisa, zimepewa vitufe vizima. Mama anasema vidole vya makatibu mahsusi wa nchi hii vingestahili kiinua mgongo cha peke yake.

Alijitahidi. Akaandika, "Kwa heshima na taadhima, tunaleta posa kwa binti yenu." Akavaa miwani kusoma. Kishikwambi kilikuwa kimetumiwa kwanza na watoto wa Shangazi, na lugha iliyowekwa ilikuwa Kiingereza. Barua ilisema: Kwa Hiroshima na taadhima, tunaleta pose kwa binti menu.

Hapa niseme jambo juu ya vyombo hivi, maana nyumbani kwetu walidhani kimelogwa. Kibodi ya kioo haiandiki unachogusa. Inaandika inachodhani ulitaka kugusa. Enzi za simu za vitufe, ule mfumo wa T9 wa kampuni ya Tegic ya Seattle ulikuwa unakisia neno zima kutokana na vitufe tisa tu. iPhone ilipotoka 2007, Ken Kocienda, mhandisi aliyeitengenezea kibodi, na wenzake walikuwa na tatizo la kidole kinene na kitufe chembamba, na wakaamua mashine ibashiri. Ukiwa umeshaandika herufi kadhaa, eneo la kugusa la herufi inayotarajiwa linapanuka chinichini, na la jirani yake linasinyaa, ingawa kwa macho vitufe vyote vinabaki vilevile. Kwa hiyo kidole cha Mama kilipokuwa kinashuka juu ya herufi ya Kiswahili, chini ya kioo Kiingereza kilikuwa kimeshasogeza kiti.

Mpwa wangu, aliye mwaka wa pili chuo kikuu Dar es Salaam, akabadilisha lugha. Hiroshima ikaondoka. Lakini kamusi ya Kiswahili iliyokuwamo ilikuwa ya mtu mvivu: ilijua "omba" na "tunaomba", ila "tunawaombeni" iliipigia mstari mwekundu, na "tulivyowaombeni" iliikataa kabisa. Kitenzi chetu kimoja kinazaa maumbo mengi kuliko yanavyoweza kuorodheshwa na mtu anayehesabu maneno kwa nafasi zilizo katikati yake. Nusu ya barua ikawa nyekundu. Mama hajapigiwa mstari mwekundu tangu Tabora. Alikizima, akaenda kuchambua mchele.

Alirudi baadaye, si kuandika, bali kumtazama mpwa. Binti yule hadonoi. Anaweka kidole gumba juu ya herufi ya kwanza na kukiburuta bila kukiinua mpaka herufi ya mwisho, na neno linatokea. Mbinu hiyo ilitoka maabara ya IBM huko Almaden, California, ambako Shumin Zhai na Per Ola Kristensson waliichunguza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baadaye Cliff Kushler, mmoja wa waliobuni T9, akaitia katika programu iliyoitwa Swype. Kila neno lina njia yake juu ya kioo, umbo lake, na mkono ukishalizoea umbo haufikirii tena herufi.

Mama alitazama maneno matatu manne yakichorwa, akashika kiuno. "Hiyo ni hatimkato!" alisema. "Neno moja, mkwaju mmoja. Wametuibia."

Mpwa akamwambia kwamba mwaka 2019 watafiti wa Ulaya waliwapima watu zaidi ya 37,000 wakiandika kwenye simu, na wastani ulikuwa kama maneno 36 kwa dakika.

"Thelathini na sita?" Mama akauliza. "Kwa mwendo huo Tabora ningerudishwa kwa mama yangu."

Zamu ya Bibi haikuhitaji meza. Alikaa juu ya mkeka, akakipakata kishikwambi, akachomoa kalamu. Bibi, mama yake marehemu Baba, hakusoma skuli. Alisoma chuo, kwa mwalimu mwenye bakora, na Kiswahili chake anakiandika kwa herufi za Kiarabu, kulia kwenda kushoto, kama kilivyoandikwa pwani hii karne kadhaa kabla Wajerumani hawajaja na herufi zao. Utendi wa Tambuka wa 1728 uliandikwa hivyo. Daftari la madeni la babu yetu liliandikwa hivyo, jambo lililowasaidia sana wadaiwa baada ya kifo chake, maana wajukuu hatukuweza kulisoma.

Kuifundisha mashine kusoma mwandiko wa mtu ni kazi iliyowaaibisha wakubwa. Apple walitoa kifaa chao cha Newton mwaka 1993, kikasifiwa kwamba kinasoma mwandiko, na mwaka huohuo mchoraji wa katuni Garry Trudeau akakifanyia mzaha magazetini kwa jinsi kilivyosoma kitu kingine kabisa. Palm, waliotoa kifaa chao 1996, walikata shauri kinyume: badala ya mashine kujifunza mwandiko wa watu, watu wajifunze alfabeti ya mashine, herufi moja mkwaju mmoja, na ajabu ni kwamba watu walikubali. Siku hizi mashine inajifunza kwa kupewa miandiko mingi sana. Na haitazami picha ya neno lililokwisha. Inaifuata kalamu ikiwa njiani: ilianzia wapi, ilipinda wapi, iliinuliwa lini.

Hilo la lini ndilo lililomshinda Bibi, au tuseme ndilo lililokishinda kishikwambi. Bibi huandika mstari mzima kwanza, mifupa mitupu, halafu anarudi mwanzo na kuzitia nukta zote kwa mkupuo, tak tak tak, anavyotia pilipili manga kwenye mchuzi. Kishikwambi hakikungoja mchuzi uive. Kila alipoinua kalamu kilifunga neno. Nukta zilipofika, maneno yalikuwa yameshaamuliwa, na herufi za Kiarabu bila nukta zake ni ndugu wanaofanana mno: be, te, the na nun katikati ya neno ni kijino kilekile. Kikabahatisha. Na kwa kuwa kiliwekwa Kiarabu, kilibahatisha maneno ya Kiarabu.

Tulimwita ustadhi kijana wa madrasa ya jirani atusomee. Alisoma, akanyamaza, akasoma tena, akasema kwamba kwa ufahamu wake barua inamwomba mtu fulani awafungue ngamia. Mpwa akaigeuza kibodi kuwa ya Kiajemi, ambayo angalau ina pe na che kwa nukta tatu, maana Kiarabu hakina hizo. Hapo Bibi alifurahi kidogo. Lakini irabu zake, zile alama ndogo anazozipanga juu na chini ya herufi, zilikuwa zikifutwa moja baada ya moja, na kwa mkono wake, ukishaondoa alama hizo, "baba" na "bibi" ni kitu kimoja. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya ushungi. "Wallahi nimekuwa mume wangu," alisema. Kisha akakirudisha kishikwambi. "Chombo hiki kinataka kunisomesha. Mie nishasoma."

Mpwa hakumwachia. Alimfungulia ukurasa mweupe usiosoma kitu wala kukisia, ukurasa wa kuchora tu, akamwambia, "Bibi, andika, hakuna atakayekusahihisha." Bibi akajaza ukurasa mzima, nukta zikaja wakati wake, irabu zikakaa. Tukaupeleka kama picha. Pangani wasingeuweza, kule wanaosoma mwandiko huo wamebaki wachache. Ila tuliupeleka Maskati, kwa sababu Shangazi alipita chuo hichohicho kwa mwalimu huyohuyo. Alijibu usiku uleule. Alijibu kwa sauti, dakika nne, akilia na kupenga.

Barua ya posa ikawa bado haijaandikwa. Na Mjomba alikuwa akisubiri hilo.

Mjomba, kaka yake Mama, ni msema chochote wa arusi. Sauti yake imefungua shughuli nyingi kuanzia Duga hadi Mwambani, na yeye haoni kwa nini mtu mwenye sauti ahangaike na vidole. Alikuja na utafiti wake, ameusikia redioni: mwaka 2016 watu wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima wakakuta kusema kwenye simu ni haraka mara tatu kuliko kuandika. Nilimweleza kwamba safari ilikuwa ndefu. Mashine ya Audrey ya Bell Labs, mwaka 1952, ilitambua tarakimu tu, sifuri mpaka tisa, na ilimpenda zaidi mtu aliyeizoesha. Hata miaka ya 1990 mwanzoni ilibidi mtu aseme neno, anyamaze, aseme neno, anyamaze. Ni 1997 programu ya Dragon ilipomruhusu mtu wa kawaida kusema mfululizo. Kiswahili kilifunguliwa mlango 2017, Google ilipoongeza lugha na lahaja 30 kwa mpigo, Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania vikiwamo, na makampuni mengine yakafuata. Mjomba alisikiliza yote haya akifunga vifungo vya koti. Alikuwa amevaa koti kwa ajili ya kusema na kishikwambi.

Alichagua baraza, kwa kuwa ndani mtandao unasuasua. Akafungua ukurasa wa ujumbe wa mshenga, mzee wa ukoo wetu anayekaa Pangani, ili barua ikishakamilika imfikie moja kwa moja aichape huko. Akabonyeza alama ya maikrofoni. Mtu amemwambia kwamba ukitaka kituo unasema nukta, na ukitaka mkato unasema koma. Huenda ndivyo, katika lugha fulani. Akakohoa, akainua kidevu.

Ninanakili yaliyoandikwa, kwa sababu yamehifadhiwa katika simu nyingi na siwezi tena kuyaficha:

"Asalam aleikum koma sisi wazee wa Tanga koma kwa heshima na taadhima koma tunabisha hodi mlangoni penu nukta kijana wetu ameona ua katika bustani yenu koma naye analitaka koma hivyo tuko tayari kwa mahari ya vibua vibua fungu elfu mbili vya leo hivyo mama njoo ushike mwenyewe kwani baba yake si yule tuliyemkopesha mbuzi nukta ahsanteni koma."

Muuza vibua hupita kwetu kila asubuhi na baiskeli yake, na sauti yake, niseme ukweli, inaishinda ya Mjomba. Habari ya mbuzi ilitoka kwa Bibi, dirishani, akimuuliza Mama. Mjomba hakusoma. Alimaliza, akasema amin, akajipangusa uso kwa viganja viwili, na katika kufanya hivyo akakipakatisha kishikwambi kwa kitukuu cha Bibi, mtoto wa miaka minne ambaye katika maisha yake hajawahi kuuona mshale wa kutuma asiubonyeze.

Kazi ya mshenga ni kupeleka. Naye alipeleka, bila kusoma, kwa jukwaa zima la ukoo wa bi arusi.

Yaliyofuata nyumbani sitayasimulia yote. Mdogo wangu aliketi kwenye ngazi, kichwa kati ya magoti. Mjomba alivua koti. Kila mtu alikuwa na tafsiri yake: mtandao, husuda, yule mtoto achapwe. Mama peke yake hakupandisha sauti. Alichukua kishikwambi, akausoma ujumbe mara mbili, taratibu, kama anayesahihisha kazi ya mwanagenzi.

"Bosi wangu alikuwa akinisomea barua huku anaagiza chai," alisema. "Anamtukana dereva, anampigia mkewe simu, anarudi kwenye aya. Hakuna siku chai iliingia kwenye barua. Kusikia kila mtu anasikia. Nililipwa kwa kujua lipi si la karatasi."

Nimeyafikiria maneno hayo kuliko nilivyoyafikiria ya mtaalamu yeyote. Mashine ya sauti inaikatakata sauti vipande vidogo vya sehemu za sekunde, inapima ni maneno gani yanaelekea kufuatana, na inaandika yale yenye uzito zaidi. Muuza vibua, kwa kipimo hicho, alistahili kila neno aliloandikiwa: alitamka wazi, alirudia, alitaja bei. Kosa halikuwa la sikio. Mashine hizi zimetengenezwa kwa mtu mmoja katika chumba kimoja mwenye jambo moja, na baraza ya Ngamiani haijawahi kuwa na mtu mmoja. Tunaongezewa njia za kuingiza maneno, kidole, kalamu, ulimi, kila mwaka upesi zaidi. Yule wa kuyachuja anabaki kuwa Mama.

Mjomba hakukubali. Yeye alishikilia kwamba kishikwambi hakijamzoea: yeye ni mtu wa Mtang'ata, na chombo kimelelewa na watu wa Dar. Hilo si uongo mtupu. Mpwa akamwambia dawa ipo. Mradi wa Common Voice wa Mozilla hukusanya sauti za watu wa kawaida ili mashine zifundishwe nazo, na mwaka 2021 ulipata ruzuku ya dola milioni 3.4 kwa ajili ya Kiswahili. Unasoma sentensi kwenye skrini, unairekodi, na watu wengine wanaisikiliza na kupiga kura kama umesoma sawasawa.

"Mie nipigiwe kura?" Mjomba akauliza. "Na nani?"

"Na yeyote, Babu."

Alikwenda akavaa koti tena. Alisoma sentensi moja ya kawaida kabisa, ya mtu na sokoni, kwa madaha ya kumkaribisha bwana arusi ukumbini, na akasubiri makofi.

Pangani walinyamaza kutwa. Jioni ikaja sauti, imerushwa na mshenga, ya bibi wa bi arusi. Ilianza na kicheko kirefu, cha watu wengi, kuku wakisikika nyuma. Kisha bibi akasema: "Tumepokea. Kukoma tumekoma, maana tumeambiwa mara nyingi. Mbuzi alilipwa mwaka ule wa mvua nyingi. Muulizeni huyo anayesema dirishani. Sasa hayo mafungu ya vibua, mbona hamkutaja ni mangapi?"

Bibi akadai arudishiwe sauti ile isikilizwe tena pale pa mbuzi. Alisikiliza, akatafakari, akasema inawezekana alilipwa.

Tuliandika barua ya pili, ya heshima. Bibi alitoa maneno, kwa kuwa hakuna kati yetu mwenye Kiswahili cha posa kama chake. Mama akayadaka kwa hatimkato nyuma ya kalenda, akiacha nje alipomwita mtoto na alipolaani nzi. Kisha akaingia chumbani, akazima feni, akafunga mlango, akakisomea kishikwambi sentensi moja moja. Mpwa akapitisha kidole gumba pale kilipoteleza. Ikachapwa steshenari ya barabara ya pili, ikavikwa bahasha, bahasha ikavikwa kitambaa, wazee wakapanda basi nayo. Ilikuwa barua nzuri sana. Pangani waliisoma kwa adabu, wakaisifu, wakaiweka pembeni. Wao, walisema, wanashikilia ile ya kwanza. Mahari ya kweli walikubaliana kwa utaratibu wake, na chini ya karatasi ya makubaliano mzee wao akaongeza kwa mkono: na vibua, mafungu ishirini, na ndimu zake.

Mjomba alimsubiri muuza vibua barazani asubuhi iliyofuata, akampa habari kwamba amekuwa sehemu ya ndoa. Mafungu ishirini, kwa elfu mbili, yapelekwe Pangani kabla ya Ijumaa.

"Elfu tatu," alisema muuza vibua.

"Ulisema elfu mbili. Imeandikwa." Mjomba akamfungulia ujumbe, akampa kishikwambi akishike kwa mikono yote miwili.

Yule bwana aliegemeza baiskeli ukutani, akapangusa magamba ya samaki kwenye shati, akasoma kuanzia asalam aleikum bila haraka. Alipofika katikati alisimama, akaweka kidole juu ya kioo kwa uangalifu, asije akafuta kitu. "Soma na hapa, Mzee," alisema. "Vya leo hivyo. Leo yenyewe ilishapita."

Mama, aliyekuwa dirishani, akasema huyo apewe kiti kwenye kamati ya arusi.